Wakwe wa Mchanga

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya baba yako,
Jumatatu asubuhi, mvua haijakatika.

Mpendwa mwanangu, baba Chiriku,

Pokea salamu za mama aliyekuzaa na ambaye hajachoka kukuwaza. U hali gani huko mgodini? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa vumbi? Unakula ukashiba? Usinijibu kwamba uko salama tu, kama unavyowajibu wakubwa wako wa kazi. Mimi si msimamizi, niambie kweli.

Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baba yako hajambo, mkono wa kulia ndio unamsumbua asubuhi, ila randa hajaiweka chini wala ulimi hajaupumzisha. Mkeo hajambo, tumbo limeshuka, mkunga amesema tusiende mbali naye. Miguu imemvimba, simruhusu kubeba hata birika. Shangazi yako hajambo kwa kiasi chake, maana siku asipolalamikia magoti ndipo tutakapomwita daktari. Mdogo wako hajambo, siku hizi mtaa mzima unamwita Moshi, na sababu yake utaisoma huko chini. Chiriku wako ndiye mzima kuliko wote. Anasema tangu anapofumbua jicho mpaka usingizi umzibe mdomo. Jino la mbele limeng'oka, amelifunga kwenye kitambaa, anasema ni lako. Hata yule kuku kilema hajambo.

Simu nimekupigia mpaka nimechoka kusikia kwamba hupatikani. Jirani yetu dereva wa lori anaelekea kwenu leo, yuko hapa uani anakunywa chai, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiona mlangoni tu. Soma polepole, mwanangu, usiruke mstari.

Ninachokuandikia ni habari ya pikapu.

Unakumbuka yale magunia ya mchanga uliyokuwa ukiyalaza nyuma, juu ya ekseli, kila unaporudi mtupu baada ya kupeleka vitanda na makabati ya wateja? Ulikuwa ukituambia kwamba injini ya gari hili ina nguvu kupita kiasi na mkia wake ni mwepesi, bila uzito matairi ya nyuma yatazunguka bure. Tukayaita magunia hayo wakwe, kwa sababu yamekaa tu, hayafanyi kazi, na kuyafukuza huwezi. Tulicheka sana siku ile, hata mkeo alicheka, ingawa wazazi wake walikuwa hapa.

Basi wakwe wamefukuzwa. Gunia moja lilitoboka njiani, mchanga ukamwagika juu ya kabati lililokuwa limepakwa vanishi jana yake. Mteja alilikataa. Baba yako akawaka, akasema gari la seremala halibebi uchafu, na kuanzia siku ile mchanga usionekane humo. Unamjua baba yako. Neno likishamtoka halirudi kinywani, hata likimchoma mwenyewe.

Kama hiyo haitoshi, mdogo wako alikuwa ameshaipeleka pikapu kwa vijana wakaiongezea injini nguvu, akavua matairi yako ya meno akaweka mengine mapana, laini, yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Kwenye lami akiondoka pale njia panda, matairi yanalia, moshi unapanda, vijana wanapiga miluzi. Ndiyo hiyo Moshi unayoisikia. Mimi niko jikoni nasikia mlio ule, na kila mara mkono wangu unasimama ndani ya sufuria.

Kwenye lami nilijisemea ni ujana, utapita. Lakini mvua zimeanza. Ule mlima wa kupita kando ya machimbo ya zamani ya kokoto umekuwa sabuni, na shimo lenyewe limejaa maji, huoni mwisho wake. Akishapeleka mzigo bondeni, lazima aupande huo mlima akiwa mtupu. Siku za kwanza alikwama. Anakanyaga mafuta, injini inanguruma, matairi yanachimba palepale, gari halisogei hata hatua.

Ndipo akagundua dawa. Shule ya Chiriku iko kule bondeni, na watoto wa mtaa huu walikuwa wakipanda na matope kwa miguu. Akawapakia nyuma. Watoto wamepata usafiri, gari limepata uzito. Matairi yakianza kuzunguka anawapigia kelele waruke, nao wanaruka juu na chini pale mkiani, wanaimba, mpaka gari lishike njia. Mtaa mzima unamshukuru. Mkeo naye anamwombea baraka, maana kumfuata mtoto kwa miguu hawezi tena.

Nilipomwuliza, alinibusu kichwani, akaniambia: "Mama, kaka aliweka magunia, mimi nimeweka watu. Magunia hayaimbi."

Watoto sasa wanajiita wakwe. Wanagombania nafasi, na anayekaa mwisho kabisa, mgongo kwenye mlango wa nyuma, huyo ndiye mkwe mkubwa. Mwanangu, mkwe mkubwa ni Chiriku wako. Ni mtoto wa kaka wa dereva, nani atamtoa?

Nilikwenda kwa yule fundi magari wako wa zamani, mwenye kidole kilichokatika. Sikuanza na maneno mengi, nilimwuliza tu kama watoto wanaweza kuwa magunia. Aliacha alichokuwa akikifunga, akafuta mikono muda mrefu. "Mama," akasema, "tairi likizunguka bure, mkia wa gari unakwenda unakotaka wenyewe. Lakini hapo bado siogopi sana. Naogopa pale litakaposhika ghafla." Aliahidi kuzungumza na mdogo wako. Alizungumza naye kweli, na jibu alilopewa ni kwamba yeye fundi amezoea magari ya wazee.

Sikukaa bure. Nilichukua turubai kuukuu, nikashona magunia mapya, mishono miwili miwili, hata vumbi halitoki. Nikajaza mchanga mwenyewe kwa kopo, shangazi yako akinisaidia kwa kuguna. Nikayapanga karibu na geti ili mdogo wako ayaone. Nilidhani baba yako atakubali, maana alisema mchanga usimwagike, na huu haumwagiki. Aliyatazama, akayanyanyua, akasifu mishono. Kisha akayabeba mpaka karakana akakandamizia mbao alizozitia gundi. Sasa mbao zina wakwe, gari halina.

Nilimwambia kwamba watoto wataanguka. Akanijibu: "Watoto ni mzigo unaopanda wenyewe na kushuka wenyewe. Na hauharibu vanishi." Akaendelea kupiga randa.

Sasa shika moyo. Alhamisi iliyopita Chiriku alirudi na kiatu kimoja. Alikuwa anacheka. Akanieleza kwamba gari lilikwama mlimani, baba mdogo akawaambia warukeruke, wakaruka, halafu gari likaruka nao. Mkia ukazunguka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. "Bibi," akaniambia, "kiatu kimetoka chenyewe, kimekwenda kuogelea."

Mdogo wako alichukua ndoo siku ile. Aliosha gari mpaka giza likaingia. Nikadhani amepata somo. Kesho yake akawapakia tena, na wimbo mpya wametunga, wa kiatu.

Nilikwenda kupaona hapo mlimani, polepole na fimbo yangu. Mvua ilikuwa haijafuta alama. Matairi yamechimba mifereji miwili, inapanda sawasawa kwa muda, halafu inapinda kuelekea machimbo. Mmoja umerudi njiani. Ule mwingine umefika ukingoni, na pale ulipopita ukingo wenyewe haupo, umemeguka. Chini ni maji tu, yametulia. Kiatu sikukiona.

Mkeo sijamwambia. Naogopa mshtuko, na hali yake ndiyo hiyo. Chiriku nimemkataza, nikaenda mwenyewe kumngojea getini pa shule. Aliponiona akanipungia mkono, akakimbilia gari pamoja na wenzake. Magoti yangu unayajua. Mpaka nafika nyumbani, yeye ameshabadili nguo na ameshakula. Na hata nikimzuia wangu, wale wengine je? Wana mama zao pia, nao wanasikia nyimbo zikipanda mlima, wanafurahi.

Ijumaa hii shule inafunga. Mdogo wako amewaahidi darasa zima la Chiriku kuwapandisha mlima kwa mara moja, wakiimba. Anasema wakiwa wengi hivyo gari litashika kama gundi. Wingu la leo ni zito, mwanangu, na dereva anasema mbele kuna mvua zaidi.

Mdogo wako hanisikii mimi, na baba yenu hamsikii mtu wa hapa. Lakini gari ni lako, ulimwachia tu. Tangu mkiwa wadogo neno lako kwake ni sheria, ulimfundisha hata kufunga kamba za viatu. Mwandikie kwa mkono wako. Usimtukane, atajifanya dume. Mwambie tu arudishe magunia na matairi ya meno, na asipakie mtoto yeyote. Na baba yako mwandikie kando, mwambie unaomba magunia ya mama yako. Akiombwa na wewe atayatoa, atasema alikuwa ameshamaliza kuyatumia.

Ndani ya mfuko huu kuna kiatu. Ndicho kilichobaki. Chiriku nimemdanganya kwamba nakituma ili upate kipimo cha kununua vingine. Wewe kiweke kiganjani ukitazame, ndipo uandike.

Mkeo anakusalimu sana, anasema usisahau kumchagulia mtoto jina. Baba yako anakusalimu, shangazi yako anakusalimu na kukukumbusha dawa ya magoti. Chiriku anasema ujue yeye ni mkwe mkubwa.

Mungu akufunike wewe huko chini ya ardhi, na hawa wetu huku juu yake.

Dereva anageuza Jumatano, atakuwa hapa Alhamisi. Usimwache aondoke mikono mitupu. Hata mstari mmoja, mwanangu, hata kama ni nyuma ya karatasi ya sigara, lakini ufike kabla ya Ijumaa. Sasa hivi naandika haya nasikia matairi yanalia pale njia panda, na Chiriku hayumo ndani ya nyumba.

Wako akupendaye tangu hujaonekana,
Mama yako.