Kufuli Tatu za Ndani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wapwa zangu. Natumaini mgongo wa shemeji umetulia na yule mdogo ameacha kuwauma wenzake. Mimi ni mzima kuanzia mabega kwenda juu. Kwingine ni mazungumzo marefu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua uliapa kutokanyaga tena kwangu tangu siku ile ulipobisha, ukaita, ukakuta kimya. Ujumbe wako niliupata, kwamba nimemfungia mlango mtoto wa mama yangu. Sikujibu. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaichana.

Maumivu ya vidole niliyokuambia ni uchovu wa kazi ni baridi yabisi. Daktari wa viungo alisema kinga ya mwili wangu imekuwa askari mlevi anayewapiga wenye nyumba. Vifundo vinavimba na kuwaka, hasa asubuhi. Fundi kufuli asiyeweza kuzungusha ufunguo, Dada! Wateja niliwaambia kibanda kinachelewa kufunguliwa kwa sababu siku hizi mimi ni bosi. Walicheka, wakangoja.

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenivuta kwa mama wa sindano, anayetibu maumivu kwa sindano za Kichina. Nilimwambia nimekwisha kuchomwa vya kutosha. Akasema hizi hazina dawa ndani, na kama mwanamume mzima anaogopa kitu chembamba kama unywele, basi aseme mtaa wote usikie. Nikaenda.

Chumba ni kidogo: kitanda kimoja, pazia la kijani, feni inayolia. Mama huyo alinichoma kati ya kidole gumba na cha shahada, kwenye kifundo cha mkono, chini ya goti, kisha akaniamuru nisitikisike, akatoka, akarudishia mlango. Nililala nimewambwa kama ngozi juani, pua ikiniwasha. Maisha yangu yote nimeingiza vyuma vyembamba kwenye kufuli za watu nikisikiliza ndani kuna nini. Siku hiyo kufuli nilikuwa mimi.

Aliporudi kuzitoa, nilimuuliza zinafanyaje kazi. Hakujigamba. Alisema inadhaniwa kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, nayo huuagiza mwili upunguze uvimbe. Kwamba tafiti zipo ila nyingi ni ndogo na hazikubaliani. Kwamba wengine hupata nafuu na wengine huondoka na matundu tu. Akanionya nisithubutu kuacha vidonge vya hospitali. Baada ya wiki kadhaa vifundo vilipoa, nikaweza kufunga vifungo vya shati. Daktari alipima damu akakuta uvimbe umeshuka, lakini akasema kama ni vidonge au sindano yeye haapi. Mama wa sindano alipoambiwa akajibu kwamba basi wagawane sifa. Ila picha ya mkono wa kulia inaonyesha mfupa umekwisha kulika. Uvimbe huweza kushuka, kilicholiwa hakirudi.

Sasa habari ya mlango. Unakumbuka nilivyojisifu kwamba mlango wangu una kufuli tatu zinazotaka ufunguo hata kwa ndani, ili mwizi akipenya asipate pa kutokea? Dada, siku ile nilikuwa ndani. Nilisimama nyuma ya mlango, ufunguo wa kwanza umeingia, mkono haugeuki. Nilijaribu kwa viganja viwili. Nilijaribu kwa meno. Nilikusikia ukimwambia jirani kwamba Komeo, jina mlilonibandika utotoni kwa ukimya wangu, safari hii amelistahili. Ningeweza kuita. Kukwambia kwamba fundi amefungiwa na kazi ya mikono yake kulinishinda. Viatu vyako viliposhuka ngazi, nilikuwa bado nimeushika ufunguo. Na haikuwa asubuhi ile peke yake niliyofungiwa hivyo.

Jana fundi cherehani alinisaidia kuzing'oa zote tatu, yeye na bisibisi, mimi na maelekezo. Alisema mwizi akija sasa, atamkuta mwenye nyumba anaomba kufunguliwa chupa ya maji. Mlangoni yamebaki matundu matatu na upepo unapita. Mkono wa kulia hautazungusha kufuli ya mtu tena, na kibanda bado sijui nitakifanyaje.

Wabusu wapwa zangu, hata yule wa meno. Mwambie shemeji nimemkumbuka. Na wewe ukija, usibishe hodi. Sukuma.

Ni mimi mdogo wako,
Komeo