Tope la Ufukweni

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini mama akisikia nimekuandikia bila kukuamkia atanichapa na uzee wangu huu. Hajambo. Siku hizi analala upande wako wa kitanda, anasema wake una baridi.

Tumeanza kuvuna ngano ya serikali. Asubuhi ukungu wa Mlima Hanang ukiwa bado chini, naendesha kombaini na sioni mwisho wa shamba. Naona mawimbi tu, na wewe umesimama pembeni na koti lako la jeshi, unaonyesha kwa fimbo: mashua zishukie hapa, mizinga ipite pale. Ulinifundisha bahari kwa ngano, Baba. Bahari yenyewe sijaiona mpaka leo.

Nakumbuka siku zako za mwisho ulivyowatoa wote nje ya chumba, pale nyumbani Nambis, ukaniambia lililokukaa kooni tangu vita vya Wazungu. Kikosi chenu kilipangiwa kushuka ufukweni kwa adui. Mkatangulizwa alfajiri, wewe na Gidamesh, rafiki yako Mbarbaig, kila mmoja upande wake, mkapime kama malori yatapita kwenye tope maji ya bahari yakipungua. Uliingia mpaka magotini tu. Ukakumbuka mbuga zetu zinavyomeza ng'ombe masika, ukarudi, ukamwambia afisa, "Haipitiki." Mpango ukafutwa.

"Sikupima, mwanangu. Niliogopa."

Ukafa ukiamini umewasaliti wenzako. Hilo limeniuma kuliko kifo chenyewe.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Mzee Gidamesh alifika kwa miguu kutoka Balangdalalu. Maisha yote alikutania, "mwoga wa maji," nawe ukacheka nusu mdomo. Nikamweleza yote, nikamwomba akusamehe. 

"Mimi nilivuka mpaka ng'ambo," akasema. "Tope gumu kabisa. Lori lingepita. Afisa akaniuliza na mimi. Nikamwambia haipitiki."

Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia baba?

"Angeniona mwoga."

Nilicheka, Baba, halafu nikalia, nikashindwa kujua kipi ni kipi. Labda wakubwa walikuwa na sababu zao nyingine za kufuta. Hatutajua. Lakini mzigo ule mlikuwa nao wawili, na kila mmoja aliubeba peke yake.

Sasa pumzika. Nakuahidi jambo moja: wanangu wakiuliza babu yao alifanya nini vitani, sitawaambia alishinda. Nitawaambia aliogopa, akarudi nyumbani, na ndiyo maana wao wapo.

Mwanao,
Paskali