Kidonge Kilipokolea Harusini

Jumamosi, Mogitu

Wamenipigia makofi! Mimi, ambaye wiki nzima nimebishana na mke wangu kwamba siendi harusini kwa jirani kutikisika mbele za watu.

Kidonge changu cha Parkinson kilikolea ngoma ilipoanza tu. Mabega yakayumba, mguu ukajirusha wenyewe. Bibi mmoja wa wafugaji wa kule Dirma akanishika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Simama, mbona unacheza umekaa?"

"Siyo mimi, ni dawa."

"Dawa gani inachezesha?"

Nikamweleza kama daktari alivyonieleza. Ubongo wangu umepungukiwa kemikali inayoongoza miendo. Seli zilizokuwa zikiitunza na kuitoa kidogo kidogo zimekufa, na zinazoipokea zimekaa na njaa hadi zimekuwa na uchu. Dawa inapofika kwa mkupuo, zinapagawa, na mwili unaruka.

Akacheka sana. "Kama ng'ombe waliokosa magadi ya kulamba! Siku ukiwapa, wanasukumana hadi zizi linavunjika. Basi njoo, waache hao ng'ombe wako wacheze."

Nikaingia kuruka na wachezaji. Hakuna aliyejua mruko upi ni wangu na upi ni wa dawa.

Baadaye nguvu ya dawa ikaisha, nikarudi kitini nimekakamaa kama gogo. Najua seli zitazidi kupungua. Hilo linaniogopesha, sijidanganyi.

Lakini kuna harusi nyingine Gendabi. Nimemwomba mke wangu aulize ngoma inaanza saa ngapi, nijue saa ya kumeza kidonge.