Ng'ombe Bado Hajafungwa

Mildura, Victoria,
Australia.
3 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Apisai,

Shikamoo Mjomba. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani pako, kikohozi kimekuacha na mguu umepata nafuu. Mama mdogo Makereta aliniambia kwamba siku hizi unatembea na mkongojo na hutaki mtu akushike mkono. Nilicheka kwa sababu nakujua, kisha nikaingiwa na hofu. Tafadhali kubali kushikwa. Kazi yangu ni kuwashika watu mkono, na wanaokataa ndio ninaowaokota sakafuni.

Sisi huku ni wazima. Baridi inauma kwelikweli. Mkweo Viliame bado anapogoa mizabibu, na jioni anarudi vidole vimekufa ganzi, anavitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu huku akilalamika kama mtoto mchanga. Mjukuu wako Lusi ameingia timu ya netiboli ya shule. Kifiji chake sasa kina lafudhi ambayo ukiisikia utacheka mpaka uangushe huo mkongojo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu neno nililo nalo si la kupigiwa kelele pale kilimani mnapotafuta mtandao. Nataka ulisome ukiwa umetulia.

Unajua ninapofanya kazi, kwenye Makao ya wazee ya shirika la kanisa. Pale hakuna tajiri anayekula faida, na hilo ndilo lililonivutia tangu mwanzo. Nilikuwa naingia zamu nikiimba. Lakini hilo neno, kwamba hatufanyi kwa faida, limegeuka kuwa kitambaa cha kutuziba midomo. Ukisema umechoka, unaambiwa hii ni huduma. Ukiomba mwenzako wa kusaidiana, unaambiwa sisi ni familia. Mwezi wa tano walipunguza watu wa jioni, na tangu hapo mtu mmoja anabeba pande mbili za jengo: kulisha, kuogesha, kupeleka chooni, kulaza. Tulipolalamika tukaletewa piza na kadi ya shukrani. Mama Losalini, mkubwa wetu kwa umri sisi Wafiji, aliitazama ile piza akauliza, "Hii nayo itanisaidia kumgeuza Bwana Keith kitandani?" Tukacheka, tukala, tukarudi kazini.

Sasa nikueleze habari za Bibi Maisie. Ni yule mjane wa mkulima wa zabibu niliyekusimulia, mwenye ulimi mkali, aliyekuwa akiniita kwa kisiwa chetu, "Kadavu", kwa sababu jina la Unaisi lilimshinda. Kumwinua kitini kulihitaji mashine na watu wawili, na hiyo ni sheria ya Makao yenyewe. Jioni moja mwezi wa sita nilikuwa peke yangu. Alipiga kengele akitaka kwenda chooni, nami nilikuwa upande wa pili nimemshikilia Bwana Keith aliyepaliwa na supu. Nikapaza sauti, "Nakuja mama, usiinuke!" Kengele ikalia tena, ikalia tena, halafu ikanyamaza.

Mjomba, kule kunyamaza ndiko ninakokusikia mpaka leo. Nilimkuta chini, nyonga imevunjika. Nilipopiga magoti nikaanza kulia, akanitazama na kusema, "We Kadavu, unalia nini? Aliyeanguka si mimi?" Hakurudi kutoka hospitali. Tulimzika mwezi uliopita.

Baada ya msiba ule, sisi Wafiji wote wa pale tukakataa zamu za ziada. Meneja wetu, Bwana Trevor, akashikwa na wasiwasi. Si mtu mbaya, anawajua wazee wote kwa majina, ila ni mwepesi wa kuahidi. Mzee mmoja wa kanisa lao aliyewahi kuishi Suva akamfundisha jinsi tunavyoombana radhi. Ijumaa akaja kwenye chumba chetu cha mapumziko amevaa shati la maua, amebeba fungu la mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima, lililofungwa utepe kama zawadi ya harusi. Akaketi sakafuni, magoti yakilia, akasema, "Nimewakosea. Naomba mnisamehe."

Hata kabla hatujatazamana, Kaka Semi wa chumba cha kufulia, mwanamume pekee kati yetu, alikwisha kuligusa lile fungu na kupiga makofi ya kupokea. Sisi tukafuata. Tukaitwanga, tukaichanganya na maji, tukanywa. Mimi nilikunywa pia, sikufichi, na nilihisi moyo ukilegea, maana hakuna bosi aliyewahi kuketi nasi sakafuni.

Jumatatu tukakuta ratiba ileile ubaoni, mtu mmoja, pande mbili. Mama Losalini akamfuata Bwana Trevor, naye akashangaa kabisa. "Losa, nilidhani hilo tumeshalimaliza. Si mlipiga makofi?" Kinachoniuma ni kwamba hakuwa anatania wala kutufanyia hila. Anaamini kweli kwamba limekwisha.

Mama Losalini akarudi amefura, akamkuta Semi anakunja mashuka. "Nani alikutuma kupiga makofi wewe?"

"Mikono imezoea, dada. Mtu yuko chini, ameshika yaqona, ningempiga nini? Teke?"

"Ungemuuliza kwanza! Domo lote hilo unalo la kuimbia tu?"

Semi alikunja shuka moja mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Tangu siku hiyo hakuna anayelitaja tena suala la zamu. Wewe ndiye uliyetufundisha sisi watoto wa dada zako kwamba mizizi ikishapokelewa, neno limezikwa, na anayelifukua amewatemea mate wote walioketi.

Wiki iliyopita Helen, binti wa Bibi Maisie, alinikuta kwenye maegesho ya magari. Akaniuliza taratibu tu, "Unaisi, jioni ile ulikuwa peke yako?" Nikatazama viatu vyangu, nikasema nimechelewa zamu. Jumapili hii kuna mkutano wa familia za wazee. Bwana Trevor ataulizwa kama watu wa jioni wanatosha, na Helen ameniomba nisimame nijibu mimi. Nikisema, watu wetu wataniona nimevunja yaqona niliyoinywa kwa mdomo wangu mwenyewe, na hapa tuko wachache, Mjomba. Wa kanisani ndio haohao wa msibani na ndio haohao watakaomwoza Lusi. Nikinyamaza, iko kengele nyingine itakayonyamaza.

Nimezunguka na jambo hili siku nyingi, nikipika nalo, nikifua nalo. Halafu juzi, nikimchana nywele Bwana Keith, nikakumbuka ng'ombe wa Josefa, yule jirani yako, alivyomaliza magimbi yako yote kule bondeni. Josefa alikuja na mizizi, akaiweka mkekani mbele yako. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kuichanganyia. Wewe hukuigusa. Ukamuuliza, "Ng'ombe amefungwa?" Akasema atamfunga kesho. Ukamwambia, "Basi na mizizi nayo ije kesho." Mama alikuonea aibu, na mimi nikadhani una roho ngumu. Kumbe ulikuwa unailinda ile yaqona isifanywe ya kuchezea.

Ng'ombe wetu bado hajafungwa, Mjomba. Kila jioni anazurura mle ndani.

Najua barua hii itapanda meli na kukufikia Jumapili imeshapita. Kwa hiyo siombi ruhusa, nakuarifu. Nitasimama, na nitaanza kwa kumjibu Helen, kwamba ndiyo, nilikuwa peke yangu. Naogopa sana. Lakini jana Semi alinifuata, macho chini, akanionyesha fungu la yaqona alilotumiwa na kaka yake, la nyumbani hasa, halina utepe. Akasema, "Mikono iliyopokea ndiyo irudishe. Utakaposimama, mimi nitaketi." Ataliweka mbele ya Bwana Trevor, nasi tutamwomba alete la kwake tena siku tutakapopangwa wawili kila jioni. Siku hiyo tutapiga makofi mpaka wazee waamke.

Ukiona nimekosea, niambie, nami nitakuja kuketi mkekani kwako. Ukiona sikukosea, watumie neno watu wa kanisa letu huku. Wewe watakusikiliza.

Nisalimie Mama mdogo Makereta, Bibi Vani na wanawe, na Josefa pia, umwambie ng'ombe wake amefika Australia. Mungu akulinde unapokaa na unapoinuka, na ukiinuka usikose mkono wa kushika.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, niliyekunywa kabla ya kuuliza,

Unaisi