Sufuria Yenye Uzi Mwekundu

Ijumaa, Desemba. Muaither.

Leo kuna baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba. Upepo umeleta vumbi tangu asubuhi na dirisha letu halifungi vizuri, kwa hivyo kila kitu kina ule unga wa mchanga, hata mto wa kulalia. Ni siku yangu ya mapumziko na sina raha.

Jana nilifanya jambo, na leo mwenzangu ndiye amelipokea. Wacha niandike vile ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea kichwani. Najijua.

Kwa wageni wa blogu hii: niko huku nchi ya Kiarabu, naishi chumba kimoja na wasichana wawili, kwenye villa iliyokatwakatwa vyumba, na mchana niko mapokezi ya kliniki ya meno kule Al Sadd. Awino wa Kisumu yuko likizo nyumbani tangu mwanzo wa mwezi. Nimebaki na Mganda. Nitamwita Nambozo. Si jina lake, na mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini silitaji.

Nambozo alihamia hapa mwezi wa nane. Yuko upande wa dobi kwenye hoteli. Mpole, msafi, hana simu za kelele. Shaka yangu ilianzia hapo, maana mimi mtu asiye na kasoro humwangalia mara mbili.

Alikuja na sufuria zake mwenyewe. Moja ameifunga uzi mwekundu kwenye sikio, nyingine uzi wa buluu. Mimi natoka Kitui. Nimetaniwa mambo ya uchawi tangu shule ya msingi, na nimezoea kucheka na wanaonitania. Lakini uzi mwekundu kwa sufuria? Hapo sikucheka.

Hali nyama tunayonunua sisi. Jumamosi hapiki, hata maji hachemshi. Nikajiambia huyu ni Msabato, nikatulia kidogo, kwa sababu Wasabato kwetu ni wengi na hawana shida na mtu. Ijumaa jioni huwasha mishumaa miwili midogo. Nikasema basi, ni mtu wa mapambo.

Halafu mwezi wa kumi nikaikuta ile sufuria ya uzi mwekundu chini kwenye lango, kando ya pipa la taka. Nzima. Haina tundu, haina hata alama ya kuungua. Siku mbili baadaye akaja na mpya, akaifunga uzi mwekundu mwingine. Sasa niambie, nani hutupa sufuria nzima? Awino alisema nisiiguse, na Awino si mtu wa kuogopa ogopa.

Wiki hii ndiyo ilinimaliza.

Jumatatu nimerudi kutoka kazini nikakuta mishumaa miwili dirishani, kwenye kifuniko cha bati, pazia limefungwa. Si Ijumaa. Jumanne ilikuwa mitatu. Jumatano minne. Jana mitano. Ile midogo ya keki ya birthday, imesimama kwa mstari, na yeye amekaa mbele yake anaimba chini chini kwa lugha ambayo si Kiganda. Kiganda nakisikia kila siku na huo wimbo haukuwa Kiganda.

Na mafuta sasa. Kila jioni anakaanga. Jumatatu viazi, Jumanne mandazi yaliyojazwa jamu, Jumatano kabalagala, zile chapati zao ndogo za ndizi mbivu. Sare yangu ya kliniki imenuka mpaka daktari akaniuliza kama nimefungua kibanda cha chipsi. Mtu anayepika hivyo kila siku ana wageni, ama ana sherehe. Huyu hana wageni. Anakula peke yake, na kila mara ananiwekea kwenye sahani iliyofunikwa, na kila mara namwaga kwenye karatasi na kutupa akiwa kazini.

Jumatano hiyo hiyo nilimsikia kwa simu na mama yake. Anacheka, anasema, "Bayudaya." Mara mbili, tatu. Lugha siijui, lakini Yuda namjua. Ba-Yuda-ya. Watu wa Yuda. Kanisani kwetu ukimtaja Yuda hakuna anayeuliza ni yupi.

Nikajumlisha. Uzi mwekundu, sufuria iliyotupwa, nyimbo, na mishumaa inayoongezeka mmoja kila jioni. Inaongezeka mpaka ngapi? Ikifika huko kunatokea nini? Na kitanda kilicho chini ya hilo dirisha ni changu.

Kwa hivyo jana nikitoka kazini nilisimama kwa natur, yule mzee wa Kibangla anayelinda jengo letu, nikamwambia kuna mtu anawasha moto chumbani kwetu. Nilijua sheria ya nyumba hii. Ukikutwa na moto chumbani unatolewa siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba humpigia mwajiri wako. Natur akasema, "Bukra." Kesho, baada ya sala ya magharibi.

Nililala vizuri sana. Hilo ndilo linaniudhi sasa.

Leo alasiri Nambozo amerudi kutoka zamu ya asubuhi na mfuko wa viazi, anaharakisha. Nikamsikia jikoni anaguna. Alikuwa amejikwaruza kidole na greta, ile ya kukwaruzia viazi. Akaniita, "Dada, nisaidie kidogo. Jua linanikimbia."

Nilikubali upesi, na haukuwa wema. Nilitaka kuona anaweka nini ndani.

Basi nikakwaruza viazi, yeye akakwaruza kitunguu, tukavikamua kwa leso ya zamani mpaka maji yakaisha. Unga kidogo, chumvi. Nilikuwa nafuata mikono yake kama askari wa forodha. Halafu mayai. Yai la kwanza hakulivunjia kwenye bakuli. Alilivunjia kwenye glasi, akaiinua juu kwenye taa, akaichungulia.

"Unatafuta nini?"

"Damu," akasema.

Mikono yangu ilisimama ndani ya viazi. Nikauliza ikipatikana damu anaifanyia nini.

"Natupa," akasema, akashangaa. "Wewe unakula yai lenye damu?"

Sasa hapo nikaacha kuzunguka. Nikamuuliza tu waziwazi, hii yote ni ya nini. Akaendelea kupiga mayai. Nikaona anapima kama aniambie ama anyamaze, na mimi uso wangu, Mungu anisamehe, niliulegeza ili aniamini.

"Ni ya sikukuu yetu," akasema. "Si Krismasi. Sisi kule Mbale ni Bayudaya."

"Wa Yuda?"

Alicheka mpaka akashika sinki. Akasema si huyo wa vipande vya fedha, ni yule wa zamani, mtoto wa Yakobo. Wayahudi. Mababu wa kilimani kwao walisoma Agano la Kale wakaona linawatosha, wakabaki hapo mpaka leo. Mama yake ni Myahudi, bibi yake alikuwa Myahudi, na wote ni weusi kama yeye na wanalima kahawa.

Sikuamini. Niseme ukweli, niliona ni hadithi iliyonyooka mno. Wayahudi niliowajua ni wa Biblia na wa habari za saa tatu. Nikambana na maswali kama wakili. Kwa nini mafuta? Akasema zamani hekalu lilinajisiwa, wakalirudisha, wakakuta mafuta safi ya taa ya siku moja tu, yakawaka siku nane. Kwa hivyo siku nane wanakaanga na wanawasha. Leo ni siku ya tano, mishumaa mitano. Mmoja wa ziada ni wa kuwashia wenzake. Hesabu yangu ya kutisha yote, kumbe ni hiyo.

Kwa nini pazia?

"Nyumbani tunaiweka dirishani watu waone," akasema. "Ndiyo maana yake, watu waone. Hapa naogopa. Vile dunia iko saa hizi, mtu akisikia neno hilo hatauliza mimi ni Myahudi wa wapi."

Akaanza kukaanga. Wayahudi wa ng'ambo wanaokuja kwao huziita latke, mama yake anasema chapati za viazi. Kingo zilikuwa zinakauka rangi ya dhahabu na harufu, jameni, nilikuwa nimetupa kitu kama hicho tangu Jumatatu.

Nikauliza la mwisho. Uzi.

Mwekundu ni sufuria ya nyama. Buluu ni ya maziwa. Nyama na maziwa havikutani, hata kwa bahati mbaya. Maziwa yakiingia kwenye ile ya nyama, haifai tena, na yeye hana mwalimu wa dini hapa wa kumuuliza kama inaweza kusafishwa, ndiyo maana aliitupa ile ya kwanza.

Nilijua kabla hajamaliza. Mwezi wa kumi, asubuhi mbili, sufuria yangu ilikuwa chafu na nikachukua iliyokuwa karibu. Nilichemsha chai. Chai yetu, maziwa na majani na maji yote pamoja mpaka ifure. Nikaiosha na kuirudisha nikijiona mstaarabu.

"Harufu ya maziwa haikutoka. Nilijua ni wewe," akasema, akigeuza chapati. "Awino anakunywa mukalu, chai ya rangi. Wewe ndio wa maziwa. Lakini ungejuaje? Sikuwa nimesema."

Alipewa sababu ya kunichukia akaimeza bila hata kuniangalia vibaya. Mimi nilipewa uzi tu, nikaenda kwa natur.

Ningemwambia hapo hapo. Natur anakuja leo, ficha mishumaa. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa anaangalia jua, akazima jiko, akakimbia chumbani, na mimi nikajiambia labda mzee amesahau. Bukra ya watu wa huku inaweza kuwa hata mwezi ujao.

Leo alitumia mishumaa mikubwa, kwa sababu ya Sabato lazima iwake mpaka giza liingie kabisa. Sita, na miwili ya Ijumaa kando. Aliwasha yote dakika chache kabla ya adhana, akasema baada ya hapo haruhusiwi kugusa moto. Ikizimwa, imezimwa. Hawezi kuiwasha tena.

Mlango ukagongwa watu walipotoka msikitini.

Nilifungua kidogo tu, nikajiweka kwenye nafasi. Natur alikuwa na kofia yake ya sala.

"Fi shamaa?" akauliza. Kuna mshumaa? Wengine wangejifanya hawajui Kiarabu, lakini neno hilo sisi tunalo. Shamaa ni mshumaa, na uso wangu ulishaelewa.

"Mafi," nikasema. Hakuna. Nyuma yangu chumba kizima kilikuwa cha manjano.

Akachungulia juu ya bega langu. Nikabadilisha. Nikasema ni yangu. Ni ya Krismasi, mimi ni Mkristo, nimekosa, samahani baba.

Akanitazama kama mtoto anayedanganya vibaya. Kwa Kiingereza chake na Kiarabu chake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasiomwelewa, akasema, "Dada, jana si wewe uliniambia? Moto, moto, mwenzangu anawasha. Leo ni yako?"

Hakukuwa na mahali pa kuficha sentensi hiyo. Chumba chenyewe ni vitanda vitatu.

Nilichukua sahani iliyokuwa mezani nikamsukumia mkononi. Akanusa. "Alu?" Nikasema ndiyo, viazi. Akala moja amesimama mlangoni, akala ya pili, akafuta vidole kwenye kanzu. Akasema mishumaa ni mamnu, marufuku, isikae ikiwaka tukilala, na akiona tena ataenda kwa mwenye nyumba. Akaondoka na ya tatu.

Nilifunga mlango. Sikutaka kugeuka.

"Ulimwambia jana?" Nambozo aliuliza.

"Jana."

"Na leo ukaniacha nikuambie yote."

Hakuuliza, alisema tu, polepole, kama anayejifundisha. Nikaanza kueleza habari ya Yuda, ya uzi, ya kitanda changu kuwa chini ya dirisha. Maneno yalikuwa yanatoka na mimi mwenyewe siyataki. Akaniacha nimalize. Akakaa mbele ya mishumaa yake mpaka mmoja mmoja ikajizima yenyewe. Hakuimba.

Kisha akainua sufuria zake zote mbili kutoka jikoni, akaziweka chini ya kitanda chake. Miezi yote hii zimekaa wazi pale rafuni, mtu yeyote achukue.

Sasa yuko kitandani, amegeukia ukuta. Najua hajalala. Nikigeuka kitanda kinalia, na kila kikilia anaacha kupumua kidogo, anasikiliza nafanya nini. Nakijua hicho kimya. Nimemfanyia mimi tangu mwezi wa nane.

Sijui kama atahama. Sijui kama ananiogopa kwa ajili ya natur ama kwa ajili ya hili ninaloandika, maana anaona mwanga wa simu. Nikimaliza nitampa asome kabla sijaliweka. Akisema hapana, litafutwa.

Kama mnalisoma, basi alisema ndiyo.

Kesho mchana hapiki. Nyota zikitoka atawasha ya siku ya sita, na lazima akaange kitu. Viazi nimeshaviosha, viko kwenye bakuli langu, si lake. Nitakuwa jikoni mapema. Sitaongea. Nitanyoosha tu mkono nione kama atanipa greta.