Kule alisema Masereka ni ndugu yake

Bwera, Jumapili usiku, 1972

Eti meno. Rafiki yangu Kule alienda kusomea wagonjwa ya kichwa, wale ya wazimu, sasa anang'oa meno ya watu Kasese.

Serikali iliongeza nafasi za masomo hayo, ikataka watu wenye iko na mugonjwa nyumbani, juu hao hawatakimbia kazi. Kule akasema Masereka ni ndugu yake. Masereka ni kaka yangu mimi, ndiye mugonjwa, tunamufunga kamba asipotee. Nilikubali, juu Kule aliapa atarudi kumutibu.

Leo asubuhi tulisikia amerudi Bwera, nikamukuta sokoni na viatu nyeupe. Mimi naogopa kusema mbele ya watu, lakini nilisema.

"Mama anakungojea tangu asubuhi."

"Weye, ile kazi niliacha. Walikuwa wananiita daktari ya wazimu. Mama iko na jino mbaya? Mulete."

Watu wakacheka.

"Ulisema ni ndugu yako."

"Ilikuwa maneno ya kuingia tu, rafiki yangu."

Nyumbani Mama alikuwa amemufungua Masereka kamba, amemuogesha, amemuvalisha shati yangu ya kanisa. Nikamwambia Mama kwamba Kule hatakuja. Akanipa kamba.

Masereka mwenyewe akaleta mikono.