Mama Santina, Uliyepika Kwenye Kila Msiba

Mama, mwaka wa kwanza bila wewe umetimia. Mvua zimerudi, barabara ya Rejaf imekuwa tope tena, na sisi tumekaa barazani kukuandikia. Mkono ni wangu mimi, mwanao Rejoice, lakini maneno ni yetu sote. Baba na ndugu yangu Taban wako hapa kando, wananiambia niongeze nini.

Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo ilikuwa lugha ya jiko lako. Nyumbani ulitusemesha Kibari na sokoni ukapatana bei kwa Kiarabu cha Juba, ila pale kwenye mgahawa wako wa Hai Amarat waliokuja kula walikuwa Waganda, Wakenya, watu wa Yei, watu wa Torit, na wote uliwakaribisha kwa Kiswahili ulichojifunza Koboko, miaka ile ya ukimbizi. Tunataka nao wasome.

Wanakumbuka kawari yako, supu ya miguu ya ng'ombe. Uliichoma miguu motoni, ukaikwangua kwa kisu mpaka ikawa myeupe, kisha ukaiacha ichemke taratibu na vitunguu na pilipili hadi mchuzi unate kwenye midomo. Wanakumbuka pia saniya yako: viazi, nyama ya kusaga na nyanya vimepangwa kwenye sufuria pana, mayai juu, halafu makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ulipokifunua, watu waliacha kuongea.

Proscovia, mwenzako wa jikoni kutoka Gulu, alikuwa na njia zake. Alipenda vile vidonge vya supu vya dukani, na nyanya ya kopo.

"Mama Rejoice, wewe iko unateseka bure," alikuambia. "Mimi naweka kidonge mbili tu, supu iko tayari."

"Hiyo ni chumvi imevaa karatasi," ulimjibu, na mlicheka wote wawili.

Lakini vidonge vyake ulivinunua kwa siri, Mama, na sisi tulijua ni vya nini. Vilikaa kwenye kikapu kilichoning'inia nyuma ya mlango, pamoja na tambi, dengu, mafuta na kopo la nyanya. Kilikuwa kikapu cha misiba. Ukisikia kilio mtaani, ulifunga kanga, ukakibeba na kuondoka. Taban aliwahi kukuuliza kwa nini waliofiwa hawapati supu ya mifupa kama wateja.

"Wamelia tangu asubuhi," ulimwambia. "Nikichemsha mifupa watalala njaa. Hawa wanahitaji kitu cha moto sasa hivi."

Hukuuliza marehemu ni kabila gani au anasali wapi. Ulipika, ukagawa, ukaosha vyombo vya watu, ukarudi. Katika mtaa wetu hakuna nyumba iliyozika bila kula kutoka mkononi mwako.

Halafu kipindupindu kikaingia. Kilianza kama habari ya mbali, watu wa kambini, watu wa kando ya mto. Baadaye kikawa mtaa wa pili. Wateja waliogopa kula nje na wewe hukuwalaumu. Ulichemsha maji yote, hata ya kuoshea sahani, mpaka Proscovia akasema makaa yatatumaliza kabla ya ugonjwa. Mwishowe mlifunga.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, ndugu yako Teresina alipopiga simu kutoka Rejaf. Uliweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu mikono yako ilikuwa na unga, kwa hiyo sote tulisikia.

"Dada, watoto wanaisha," alisema. "Jubek hawezi kusimama. Lilly ameanza leo. Mimi niko peke yangu, dada."

Mumewe alikuwa ameshafariki, na majirani walikuwa wameufunga ua wao. Ulinawa mikono, ukaanza kufungasha mchele, chumvi, ndimu na jiko dogo la makaa.

Baba alisimama mlangoni. "Mama Rejoice, usiende. Watu wa afya watafika."

"Watafika na dawa," ulisema. "Saturnino, nani atawanywesha? Nani atawageuza? Yule mtoto amelala kwenye uchafu wake na mama yake hajui aanze na yupi."

"Na wewe ukiugua?"

"Basi na mimi mtaninywesha."

Baba alikupisha. Hakuwahi kukuzuia kwenda kwa mgonjwa, na siku ile hakujua aanzie wapi.

Kilichotokea Rejaf tulikisikia baadaye kwa katekista Crispus, ambaye alikuwa akifika asubuhi na jioni. Alisema ulipika maji ya mchele, mepesi kabisa, ukatia chumvi kidogo, ukawanywesha watoto kwa kijiko, kijiko kimoja baada ya kingine, hata walipotapika. Lilly alianza kushika kijiko mwenyewe. Jubek hakushika. Alikufa kichwa chake kikiwa kwenye paja lako, na wewe uliendelea kumfuta mdomo mpaka Teresina alipokuambia, "Dada, ameshaenda."

Siku iliyofuata ulianguka wewe.

Teresina alikimbia barabarani kutafuta bodaboda. Wa kwanza alikubali, alipoona kanga yako imelowa akageuza pikipiki. Wa pili hakusimama. Daraja la mtoni lilikuwa limefunikwa na maji, gari la wagonjwa likakwama ng'ambo. Basi Teresina na Crispus walikubeba juu ya kitanda cha kamba, yeye mbele, Crispus nyuma, kwenye tope. Gari moja la mizigo lilisimama. Dereva aliteremka, akakutazama, akarudi kwenye usukani na kuwaachia chupa ya maji kando ya njia. Crispus anasema uliyanywa, ukamshukuru dereva ambaye alikuwa ameshaondoka.

Ulimuuliza Teresina kama Lilly amekula. Alikuambia amekula. Hukusema neno lingine. Walipofika kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu, upande ule ule wa mto, walikuwa wamebeba mwili.

Mama, hatukukuosha. Tunataka ulijue hilo kutoka kwetu. Watu waliovaa mabuti na barakoa walikupulizia dawa, wakakufunga kwenye mfuko mweupe, wakatuambia tusisogee. Baba aliomba akuone uso. Walikataa kwa upole, nasi tulielewa, lakini kuelewa hakukusaidia. Kanga yako mpya niliyokuja nayo ilibaki mkononi mwangu. Padri alisali akiwa amesimama mbali.

Na hakuna aliyepika. Ilikuwa amri ya afya: watu wachache, kuzika upesi, chakula marufuku. Wewe uliyelisha misiba yote, kwenye msiba wako watu walisimama na njaa, kisha wakarudi makwao. Proscovia alikuja na kikapu chako amekikumbatia kifuani. Askari wa lango la makaburi alimwambia akirudishe. Alikaa nje ya ukuta nacho mpaka tulipomaliza.

Lipo jambo moja zaidi, na Baba amesema tuliandike. Udongo ulipokuwa unarudishwa, Teresina alisogea karibu na kaburi, bado ana tope hadi magotini. Baba alimgeukia mbele ya watu akasema, "Wewe ndiye ulimwita aje kufa."

Teresina aliondoka kabla ya sala ya mwisho, akarudi kwa miguu mpaka Rejaf, nyumbani kwa mtoto mmoja badala ya wawili. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Tukipiga simu, Lilly ndiye anayepokea, anasema mama yuko shambani.

Huku nyumbani tumekuwa watu wa kimya. Baba anarudi kutoka kazini, anakaa, anauliza kama mlango umefungwa, analala. Taban aliacha chuo akaja kusaidia jikoni, kwani Proscovia alifungua tena baada ya miezi kadhaa, akiwa na vidonge vyake. Siku moja mteja alimwambia kwamba supu haifanani na ya zamani. Proscovia aliweka upawa chini, akatoka nyuma ya mabati, na hakurudi mpaka watu wote walipokwisha kuondoka.

Baada ya Pasaka Baba alivaa shati lake la kanisani akaenda Rejaf. Nilimfuata. Teresina alikuwa akipalilia muhogo. Alipotuona alisimama, jembe mkononi.

"Shemeji," Baba alisema, "nimekuja kurudisha maneno yangu."

"Ulisema kweli," Teresina alijibu. "Nilimwita."

"Ulimwita kwa sababu ni dada yako. Watoto wako walikuwa wanakufa. Ungemwita nani?"

Teresina alitazama chini. "Kila nikipika nasikia sauti yako pale kaburini."

"Mimi pia naisikia," Baba alisema. "Njoo nyumbani. Njoo kwenye kumbukumbu yake."

Teresina alituletea maji ya kunywa yaliyochemshwa, akasimama mpaka tumemaliza. Tulipokuwa tunaondoka Baba alimpa mkono. Teresina aliutazama, akafuta wake kwenye nguo, kisha akaushika wa Baba.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii, parokiani kwetu, na baada ya hapo nyumbani, Hai Amarat. Mwaka huu tunaruhusiwa kupika. Mifupa itachemka tangu alfajiri. Yeyote aliyewahi kula kwako aje, na waliosimama na njaa siku ile waje kwanza. Kama Teresina atakuja, hatujui. Sufuria itabaki motoni mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Pumzika, Mama. Umechoka kwa ajili ya watu wengi.

Hatutaacha kukutaja maadamu tunaishi. Wanaokukumbuka ni hawa, na Baba ameagiza jina la kwanza liandikwe kabla ya lake: ndugu yako Teresina, aliyekubeba, mumeo Saturnino, wanao Rejoice na Taban, Lilly, uliyemnywesha akapona, na Proscovia wa jikoni.